Watu Walikuwa Wanatazama

Izia, Sumbawanga
9 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekupumzisha kidogo sasa mvua za Tukuyu zimepungua. Mimi sijambo, ila baridi ya huku nilikuwa nimeisahau. Asubuhi upepo unapiga mabati mpaka unadhani kuna mtu juu anatafuta kitu.

Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyotaka. Kaka Obedi ameniambia simu ukiiona inatetemeka mezani unaifunika kofia, kwa kuwa kusikia husikii, na meseji umezikataa eti ni maneno ya kukimbia. Haya, Mzee wangu, umeshinda. Barua nitampa kondakta wa basi la Mbeya, Obedi ataipokea stendi.

Baba, nimepanga Izia! Nilizunguka mji mzima kutafuta chumba, miguu ikanirudisha hukuhuku. Nyumba yetu ipo, wanakaa watu wengine. Mkaratusi aliopanda Mama ulishakatwa, kimebaki kisiki wanachoanikia sufuria. Nilisimama pale nikaona haya kama mwizi, nikaondoka. Upande wa jirani yetu mama Dominika ule uzio wa mabua sasa ni ukuta wa matofali. Nako sikubisha hodi. Unakumbuka nilivunja chungu chake cha uji wa ulezi nikiwa na miaka kumi na moja? Wiki ileile akaacha kuja kwetu, na Mama akawa analia jikoni. Miaka yote nimeamini ni mimi. Au kulikuwa na jingine, Baba?

Kituo chetu kinanunua mahindi kwa wakulima, na nina watu kumi na wawili chini yangu. Kabla ya kuja, kampuni ilitupeleka semina siku mbili tukafundishwa akili hisia: kujua moyo wako umeanza kuchemka saa ngapi, kumsoma mwenzako kabla hajafungua mdomo, na jinsi kazi inavyoweza kufa mikononi mwa watu wenye elimu kwa kukosa hayo tu. Nimepewa cheti. Nimekitundika ofisini.

Anayenishinda ni mmoja, mzee Wilibrodi wa Milepa. Yeye ndiye anayechoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha, anatoa punje na kupima unyevu. Kila mkulima anamsalimia na kumwulizia mpaka ng'ombe wake. Foleni inafika barabarani.

Mwanao,
Tusekile


Tukuyu
20 Juni 2024

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Mimi mzima, goti nalo lipo, linanikumbusha kwamba bado nina mguu. Kaka yako anakusalimu, na mbuzi wako amezaa.

Nimecheka sana. Siku hizi kuna cheti cha kujua kwamba mtu amekasirika? Marehemu mama yako alikuwa anajua kwa kusikiliza nilivyoweka kofia kwenye msumari, na shule aliishia darasa la nne.

Uliponiandikia habari za upepo nilifunga macho. Huko nilifanya kazi miaka kumi na minne, msimamizi wa mashine ya kuponda kokoto za barabara. Masikio haya niliyaacha hukohuko. Unakumbuka nilivyokuwa narudi nimejaa vumbi jeupe, wewe unasema Baba amekuwa babu? Mama yako anachemsha maji, moshi unalala chini kwa baridi, na ng'ombe wanapita nyuma ya nyumba wakitoka malishoni. Sijawahi kuishi vizuri kama pale.

Kuhusu huyo mzee, kazi ni kazi. Watu wakikuona mpole watakupanda kichwani. Mimi nilisimamia wanaume thelathini kwa sauti tu, na kokoto zilitoka. Mwambie wazi, mara moja, basi.

Vaa soksi.

Baba yako,
Yoramu


Izia
3 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo wewe na nyumba nzima. Mimi mzima wa afya, na soksi nimevaa mbilimbili.

Nimefuata neno lako. Jumatatu foleni ilikuwa ndefu, na Wilibrodi alikuwa amechuchumaa na bibi mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa mabichi. Badala ya kumwambia yamekataliwa, anatafuna punje moja, anamwuliza shamba liko upande gani, anamsifia mbegu, halafu ndipo anamwambia bado yana maji, ayaanike siku tatu, na turubai atamwazima. Dakika kumi kwa magunia mawili! Nikachemka. Nikamwambia mbele ya foleni yote kwamba hapa ni kwenye mizani, si kilabuni, na kama uzee umemshinda aseme. Kisha nikachukua chaki nyekundu nikachora alama ya kosa kwenye magunia ya yule bibi, kama mwalimu kwenye daftari. Kuanzia leo, nikasema, ni hivi: salamu moja, kipimo, chaki, anayefuata.

Ajabu ni kwamba hakubisha. Alipiga makofi mawili ya chinichini, kama wanavyofanya huku wakimheshimu mtu, akasema, "Sawa, mama." Wengine nao wakasema sawa. Kwetu Tukuyu wangeniwakia mpaka jioni! Sasa foleni inakwenda haraka, nami naanza kuamini cheti changu.

Uniangalizie kwenye ule mkebe wako wa kahawa, ule uliotukataza kuugusa, kama picha ya Mama akiwa mbele ya nyumba ya Izia imo. Nataka kuiweka ukutani. Na lile swali la mama Dominika hukunijibu.

Mwanao,
Tusekile


Izia
21 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Hukujibu barua yangu, nina wasiwasi na afya yako. Obedi anasema unakula vizuri na kutembea unatembea, ila umenyamaza. Kama ni ugonjwa niambie.

Mimi mwili mzima, moyo si mzima. Ile Jumatatu niliyokuandikia, Wilibrodi alifanya kazi mpaka saa ya kufunga. Akafagia chini ya mizani, akafuta bambo, akalitundika, akakunja koti lake la kazi vizuri juu ya kiti. Hajarudi tena. Nilipokuwa nakuandikia vile kwa furaha, alikuwa ana siku ya pili hayupo, nami nilidhani ana mafua.

Foleni ilikuwa inakwenda haraka kwa sababu ilikuwa inaisha, Baba. Wakulima hawaji. Wanawauzia walanguzi wanaopita vijijini na malori, kwa bei mbaya kuliko yetu, lakini pale hakuna anayewachorea chaki mbele za watu. Wafanyakazi wangu nikiwaambia jambo wanasema sawa, na jambo halifanyiki. Wakinywa chai nikitokea wanasimama wote wananipisha kwa adabu, na chai inapoa. Meneja wa kanda amenipigia: mwisho wa Septemba mzigo usipofikia nusu ya mwaka jana, kituo kinafungwa. Watu kumi na wawili, wengi wao wanasomesha.

Jana nililia ghalani, nyuma ya magunia matupu. Rosina anayefunga magunia akanikuta. Nikamwuliza kwa nini wote waliniambia sawa kama hawakukubali. Akanijibu, "Mama, ulikuwa umekasirika na watu walikuwa wanatazama. Tungekujibu ungeaibika." Yaani walikuwa wananilinda mimi! Na mimi nilikuwa nimetoka kumvua nguo mzee wa watu.

Namkumbuka Mama leo. Angejua la kufanya. Niandikie, hata mistari miwili.

Mwanao,
Tusekile


Tukuyu
4 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Barua yako ya Julai tatu niliisoma nikashindwa kulala, na ya pili nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nisamehe kwa kunyamaza.

Picha haimo kwenye mkebe. Mna nati mbili tu.

Wewe hukufukuza mtu kwa chungu, Tuse. Dominika alicheka ulipokivunja, akasema alikuwa anatafuta sababu ya kununua kingine. Aliacha kuja kwa sababu yangu. Mumewe, Kasmir, alikuwa fundi wangu kwenye mashine. Nilikuwa sina rafiki mwingine huko kama yeye. Tulikula sahani moja mchana, na wakati wa ulezi nilikwenda shambani kwake kumsaidia kupiga yale matuta yao ya mviringo, yanayofukiwa majani yaoze ndani. Alikuwa ananicheka nilivyokuwa nayapiga.

Agosti ya mwaka tisini na saba, mkanda wa mashine ulichomoka ukapita juu ya vichwa vya watu. Hakuumia mtu, ila mashine ililala wiki mbili. Mhandisi alikuwa njiani kuja. Niliogopa, na mimi nikiogopa napiga kelele. Nikamsimamisha Kasmir mbele ya vijana thelathini nikamwambia amezembea, kwamba mikono yake ni ya jembe, si ya mashine. Naye alipiga makofi mawili kama huyo mzee wako. Akaweka spana chini akaenda nyumbani.

Jioni navua koti, nikasikia kitu mfukoni. Nati mbili. Ni mimi niliyezifungua asubuhi kukagua mkanda, nikaitwa pembeni, nikasahau.

Mama yako nilimwonyesha. Alisema, "Vuka uzio sasa hivi." Ulikuwa uzio wa mabua, hatua ishirini. Nikasema kesho. Kesho mhandisi alifika, nikaacha aandike alivyoandika. Baada ya miezi mitatu nikahamishwa. Mama yako aliniambia neno hilo mara moja tu, hakulirudia, na mpaka tunamzika alikuwa bado ananisubiri.

Na Juni hii wewe umeniuliza habari ya mzee wako, nami nikakupa dawa ileile iliyoniua. Usinifuate mimi, mwanangu. Nenda Milepa. Usimtume mtu.

Baba yako,
Yoramu


Izia
25 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umepata usingizi. Mimi mzima, mbavu zinauma kwa safari.

Barua yako nililia nayo, halafu nikakukasirikia siku mbili nzima, nikuambie ukweli. Kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya kile chungu nilichokibeba miaka ishirini na saba. Siku ya tatu nikapanda gari la kushuka bondeni. Unaondoka juu umejifunika shali, unafika Milepa unajipepea nalo.

Wilibrodi alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima, mkewe akaleta maji na karanga. Salamu zilichukua nusu saa, na safari hii nilizijibu zote mpaka za ng'ombe. Nilipoomba msamaha aliniambia sawa, mama, yameisha. Zamani ningeshangilia nikapanda gari. Nikamtazama, nikaona anachonga mti uleule palepale palipokwisha kuchongeka. Nikamwambia, "Mzee, nilikukosea mbele za watu na nimekuja kukuomba radhi uani kwako. Haijatosha, au sivyo?"

Akaacha kuchonga. Akasema yule bibi wa magunia ni mke wa marehemu kaka yake. Alikuwa amekuja naye kwenye gari moja asubuhi ile, akamwambia asiwe na wasiwasi, pale kituoni watu wanathaminiwa. Nilisema tu kwamba Alhamisi saa mbili nitakuwa mbele ya mizani, aje au asije.

Alhamisi hakuja mapema. Nilisimama mbele ya wafanyakazi na wakulima kama saba hivi. Nikasema nilichofanya Julai, bila kukipamba. Nikasema Wilibrodi anajua kazi hii kuliko mimi, na kwamba nilidhani anachelewesha foleni kumbe ndiye aliyekuwa anaileta. Nilipogeuka alikuwa nyuma ya lori, amesimama na yule bibi. Sijui walifika saa ngapi. Alivaa koti lake, akatungua bambo, akamwuliza mkulima wa kwanza habari za nyumbani.

Wiki hii wamekuja watu. Si kama mwaka jana, lakini foleni ipo. Chaki nimempa Rosina, anawachorea watoto wake nyumbani. Cheti nimekitoa ukutani, nimekiweka kwenye droo mpaka nikistahili.

Baba, bado kuna ukuta mmoja wa matofali hapa Izia. Niende?

Mwanao,
Tusekile


Tukuyu
3 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya kitu nilichoshindwa mimi, na nakuandikia hilo bila aibu.

Humu ndani kuna bahasha ya Kasmir. Nimeiandika mara sita. Kama amefariki, mpe Dominika. Kama wote hawapo, ichome, usinirudishie.

Baba yako,
Yoramu


Izia
15 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na umekaa chini unaposoma hii. Kama umesimama, kaa.

Nilibisha hodi jana baada ya kazi. Alifungua mama Dominika. Amekuwa mdogo, Baba, ananifika hapa begani. Alinitazama kidogo, akasema, "Wewe ndiye uliyevunja chungu changu," akanikumbatia mpaka nikasikia harufu ile ya moshi na ulezi niliyodhani nimeisahau. Nilikuwa mtoto tena pale mlangoni.

Kasmir yupo hai. Alikuwa amekaa juani ua wa nyuma. Nilimwamkia, hakuitika. Nikarudia, hakuitika, nikajua bado ana hasira na sisi. Mkewe akanigusa mkono akasema, "Hasikii. Ile mashine." Kwa hiyo nyote wawili, Baba. Hata ungevuka mwaka huu ukamwambia kwa mdomo, asingekusikia, nawe usingesikia anavyokujibu.

Nikampa bahasha. Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Alipofika mwisho akairudia. Kisha akaomba kalamu, akaandika chini ya maneno yako, akanipa nikuletee. Karatasi nimeifunga pamoja na hii, lakini mwandiko wake unatetemeka, kwa hiyo nakunakilia hapa alivyoandika:

"Yoramu, salamu. Mimi mzima, masikio tu. Nati nilikuona unazifungua asubuhi ile na kuzitia mfukoni. Nilidhani utazirudisha. Uliponigombeza nilitaka kusema, nikaona vijana wote wanatazama. Ningesema, wasingekusikiliza tena, na mhandisi alikuwa anakuja, nawe ulikuwa na watoto. Nikasema moyoni, jioni atavuka. Niliacha uzio wa mabua miaka minane. Dominika ndiye aliyejenga ukuta."

Alipomaliza aliniuliza, kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia kama yako, kama bado unapiga matuta vibaya.

Kituo kimepewa msimu mwingine mmoja. Habari hiyo ingekuwa kubwa kwenye barua nyingine.

Mwanao,
Tusekile


Tukuyu
23 Septemba 2024

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Kumbe alijua. Miaka yote nilidhani ninamficha.

Obedi amenikatia tiketi ya Ijumaa. Jumapili utanipeleka kanisani kwao Wakatoliki, mimi na Umoravian wangu nisimame nje mlangoni. Misa ikiisha, kabla watu hawajatawanyika, nitamshika Kasmir mkono nitoe nati zile mbili niseme zilikuwa kwa nani. Nitasema kwa sauti yangu ileile. Yeye hatasikia, mimi sitajisikia, lakini watu watasikia.

Nimelijaribu koti lilelile la siku ile. Bado linanitosha. Nichemshie maji ya kuoga, huko kuna upepo.

Baba yako,
Yoramu